Siku Thelathini za Baba Anyosisye

Siku mkwe wangu aliponisalimia uso kwa uso ndipo nilipojua kwamba kazi yangu ilikuwa imefanyika vizuri kupita kiasi.

Ilikuwa asubuhi, ukungu wa Tukuyu haujainuka, nami nilikuwa nimechelewa kliniki. Nilimwona anakuja kwenye kijia cha migombani, fimbo mkononi, na kwa mazoea ya miaka tisa nikaacha njia, nikaingia majanini, nikampa mgongo na kujifunika kanga hadi kichwani. Ndivyo tunavyoishi kwetu. Mke wa mtoto hamtazami baba mkwe, hakai naye mezani, hatamki jina lake, na akiwa na neno la kumwambia humpa mtu mwingine amfikishie. Watu wa mjini wanatucheka, na wacheke. Nina shahada mbili za mifumo ya kumbukumbu na sijawahi kulitamka jina la yule mzee, na humu pia sitaliandika.

Nikasikia fimbo imesimama.

"Binti, umepotelewa na nini humo majanini?"

Sikugeuka. Nilidhani anasema na mtu mwingine.

"Wewe si yule fundi wa kliniki? Utaloa umande bure. Njoo upite, njia inatutosha wote."

Nikageuka. Alikuwa ananitazama machoni, anatabasamu, na nikaona kwamba ana mwanya kama wa mume wangu. Miaka tisa nimepika katika boma lake na sikuwa nimeujua ule mwanya.

Mume wangu, Anyosisye, mwanawe wa kwanza, alikuwa amezikwa wiki tatu kabla, hatua hamsini kutoka pale tuliposimama. Mzee hakujua. Hakujua hata kama aliwahi kuwa na mtoto wa kiume. Mimi ndiye niliyemwondolea, kwa idhini yake mwenyewe na kwa mikono hii.

*

Kibanzi ni kidogo kama mbegu ya boga. Hukaa nyuma ya sikio, chini ya ngozi, na hufanya kazi ya zile sehemu za ubongo ambazo kiharusi kimeziua. Ndani yake kuna mahali pawili. Pa kwanza tunapaita sebule. Humo mna nyuso, majina, nyimbo za kanisani, bei ya chai, ugomvi wa mwaka juzi. Mwenye kichwa huingia humo na kutoka apendavyo. Pa pili ni kiini. Humo mna pumzi, mapigo ya moyo, kumeza, kusimama bila kuyumba. Kati yake pana ukuta.

Vibanzi vya kwanza havikuwa na ukuta. Bibi mmoja alikuwa mezani akijitahidi kukumbuka ubeti wa wimbo, ule ubeti ukaandikwa mahali palipokuwa panaendesha pumzi yake, akafa kijiko kikiwa mkononi. Tangu hapo ukuta ni sheria. Mwenye kichwa akitaka kumeza, ombi lake linapitia dirishani. Kiini kinalipokea, kinalikagua, kinafanya kazi chenyewe, kisha kinarudisha jibu. Mtu hahisi lolote. Kiini kinaiona sebule yote, lakini sebule haikioni kiini hata kidogo.

Nilipofundishwa haya chuoni nilicheka darasani. Nikamwandikia Anyosisye: leo wametufundisha habari zangu na baba yako.

Mzee alipopata kiharusi, miaka miwili iliyopita, mafundi wa kiini kliniki kwetu tulikuwa wawili, mimi na mkuu wangu Mhagama, na Mhagama alikuwa safarini hadi mchana. Basi nikamwekea mimi, nikiwa nyuma ya pazia. Wifi yangu Bupe alisimama upande wa baba yake, ameshika kisomeo, kifaa cha kuongea na kibanzi, ananipokeza maneno. Sheria inataka fundi alitamke jina la mwenye kibanzi kwa sauti yake mwenyewe, na mwenye kibanzi ajibu, "Ndiyo, ni mimi." Sauti hizo mbili ndizo ufunguo wa kiini, na kiini hupima kama anayejibu anaamini anachosema; ukimkaririsha mtu, kinakataa.

Mhagama aliingia nikiwa nimekwama hapo. Yeye ni Mngoni wa Songea, mambo yetu haya anayaona ni kujitesa.

"Andika jina la kwenye kitambulisho, Subilaga. Usituletee ukoo kwenye mfumo."

"Siwezi kulitamka, Bwana Mhagama. Nitatumia lile ninalomwitia."

"Utakuja kujuta."

Nikatamka, "Baba Anyosisye." Mzee akajibu nyuma ya pazia, "Ndiyo, ni mimi." Mhagama akatikisa kichwa, akatia saini.

*

Anyosisye alikufa kwa sababu nilimtuma. Nilikuwa nimesahau kisomeo Mbeya kwa fundi, na mvua ilikuwa inanyesha. Alisema atakwenda kesho. Nikamwambia wagonjwa wangu hawawezi kungoja mpaka mvua impendeze yeye. Akavaa koti, akapanda pikipiki, na kwenye mteremko lori la ndizi likakosa breki.

Msibani mzee alimwita Bupe akampa neno la kuniletea. Bupe akaja jikoni nilipokuwa nimekaa na wanawake, akanifikishia vilevile alivyoambiwa, maana haruhusiwi kupunguza, huku machozi yanamtoka: "Baba anasema, mwambie mke wa mwanangu akalilie kwao. Yeye ndiye aliyemtuma."

Sikwenda kwetu. Kwetu hakuna mtu. Baba yangu alifariki nikiwa na miaka minne, mama akafuata. Nilibaki jikoni.

Siku ya nne presha ya mzee ikapanda, daktari akasema kiharusi cha pili ki njiani. Palikuwa na dawa moja, na fundi wa kuitoa ni mimi. Tunaiita kuhamisha. Unachukua kumbukumbu sebuleni, unaipeleka upande wa kiini, ukuta unafungwa, na mwenyewe haioni tena. Kifo peke yake hakihamishiki, kwa kuwa ukimwachia mtu mwanawe akiwa hai atauliza yuko wapi. Lazima uhamishe mwana mzima, tangu kuzaliwa.

Mzee alielezwa yote, kisha nikamsikia kupitia pazia akimwambia binti yake: "Siku thelathini. Nipumue kidogo, halafu mnirudishie mwanangu."

Nikamwita kwa lile jina. Akaitika. Tukatoa picha ukutani, tukawaomba majirani wafunge midomo, na lile kaburi la uani tukamwambia ni la ndugu wa ukoo. Nilichokosa kukifikiria ni nafsi yangu. Kama hana mwana, basi mimi si mkwe wa mtu. Mimi ni fundi wa kliniki anayepanga chumba cha nyuma.

*

Sasa nitasema jambo ambalo Bupe hajanisamehe hadi leo. Nilikuwa na furaha.

Kila Jumatatu mzee alikuja kliniki kupimwa, na akishapimwa haondoki. Anavuta kiti. Ananisimulia jinsi walivyolima barabara ya chai kwa majembe, jinsi marehemu mkewe alivyomkataa mara mbili kabla ya kumkubali. Alinicheka kwa kupika ndizi zikawa ngumu, akaja mwenyewe jikoni kwangu akaniketisha na kunionyesha namna ya kuzimenya bila kupoteza nyama yake. Tulikula sahani moja. Mkono wake na wangu katika sahani moja, na hakuna aliyekufa wala mbingu kuanguka. Mara moja, nikiwa na homa, alikaa mlangoni mchana kutwa akiniambia kila baada ya muda, "Kunywa maji, mwanangu."

Siku ya thelathini kioo cha kisomeo kiliniuliza: rudisha, au ongeza muda. Daktari alisema tuongeze, presha haijatulia. Nikaongeza. Mara tisa zilizofuata sikumuuliza daktari. Bupe alipouliza nilimwambia bado, baba hajawa tayari, naye akaniamini kwa sababu mimi ndiye niliyesoma. Presha ya mzee ilikuwa nzuri kuliko yangu.

Ilikuwepo dalili moja tu, nami niliifumbia macho. Alipopita karibu na lile kaburi alikuwa akisimama na kushika mgomba.

"Binti fundi," aliniambia siku moja, "huyu ndugu aliyelala hapa nilimkosea nini? Kila nikipita magoti yananilegea."

Nikamwambia ni uzee.

*

Mwezi wa kumi na moja Bupe alimleta mzee kliniki akiwa amemshika kwapani. Suruali ilikuwa imefungwa kwa kamba. Bupe alimketisha nje kwenye benchi, akaingia, akafunga mlango.

"Wifi, baba hali. Kwa wiki mbili alituficha."

"Anasema ameshiba?"

"Anasema ana njaa. Anaweka tonge mdomoni, anatafuna, halishuki. Analitoa. Jana amelia kwa njaa, mtu mzima, chakula kiko mbele yake. Wewe ulisema kitu hiki ni cha siku thelathini."

Mhagama, aliyekuwa ndani pamoja nami, alikichukua kisomeo kabla sijanyoosha mkono. Akatoka, akakiweka nyuma ya sikio la mzee, akarudi akisoma. Mistari ilikuwa ileile kutoka juu hadi chini. Ombi la kumeza: limekataliwa. Ombi la kumeza: limekataliwa. Sebule imeomba mara mia nne kwa siku mbili za mwisho, na kiini kimesema hapana mara mia nne.

"Umeacha msiba ndani ya kiini miezi kumi na moja," aliniambia. Hakupaza sauti. "Unajua kiini kikoje. Hakijui kukumbuka. Kila kilichomo ndani yake kinakichukua kuwa ni amri. Sebuleni mtu analia, anasimulia, anapumzika, anaendelea na maisha. Kule ndani hakuna wa kulia. Mwili umeambiwa mwanao amekufa, usile, na mwili unatii. Leo ni kumeza. Wiki ijayo itakuwa pumzi."

"Tumrudishie leo hii," alisema Bupe.

Mhagama akanitazama.

"Kurudisha kunataka ufunguo," nikamwambia Bupe. "Nimwite kwa jina lililosajiliwa, naye aitike. Jina lililosajiliwa ni Baba Anyosisye. Na hamjui Anyosisye."

Nilikwenda benchini kujaribu hata hivyo. Nilisimama mbele yake nikasema, "Baba Anyosisye." Mzee aligeuka nyuma kuangalia ni nani anayeitwa.

Tuliporudi ndani Mhagama alingoja Bupe atoke kumpa baba yake maji, maana maji yalikuwa bado yanapita kwa shida, ndipo akasema lile nililokuwa nikilifikiria.

"Ipo njia nyingine. Kufuta hakuhitaji jina. Mgonjwa akiwa hatarini fundi anaruhusiwa kufuta kilichomo kiini kwa saini yake. Dakika moja, na jioni atakula."

"Na Anyosisye?"

"Hatarudi tena. Ila mzee hatajua amekosa nini. Ni wewe wa kuamua, kibanzi umekiweka wewe."

Akaniachia kisomeo, akatoka. Nilikaa nacho mapajani. Nataka ieleweke kwamba sikuwa napambana na shetani wa mtu mwingine. Kufuta kungemponya. Angekula, angenona, angeniita mwanangu hadi siku ya kufa kwake, na ningemzika kama binti. Bupe ningemwambia mfumo umeharibika, angelia, basi. Nilikuwa nimeshabonyeza neno "Futa", na kioo kikanionyesha orodha ya vitakavyofutwa, kama kinavyofanya siku zote ili fundi athibitishe.

Ilikuwa orodha ndefu. Mtoto analia kwa mara ya kwanza, mvua ya masika. Mtoto anashika kidole. Mtoto ana surua, amebebwa mgongoni hadi misheni. Mtoto anaogopa jogoo. Mimi nilimpata Anyosisye akiwa na miaka thelathini, mrefu, anajua kila kitu. Mama yake amekufa, Bupe ni mdogo wake. Yule aliyeogopa jogoo hakuwa na mahali pengine popote duniani isipokuwa mle ndani. Nilikuwa nimeshamtuma kwenye mvua mara moja. Nikakizima kisomeo.

*

Nilimkuta mzee saa tisa alasiri ameketi kwenye kigoda uani, kanyoosha miguu juani. Bupe nilimwomba abaki jikoni. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na neno la kumwambia nikiwa mkwewe, na sikulipitisha kwa mtu.

"Baba, nina jambo."

"Sema, mwanangu."

"Lile kaburi ni la mwanao. Anaitwa Anyosisye. Ni wa kwanza wako, Bupe anamfuata. Alikufa mwaka jana. Ulizidiwa, ukakubali tukuondolee kwa siku thelathini. Zimepita zaidi ya mia tatu."

Alinitazama kama mtu anayengoja mwisho wa mzaha. Alipoona hauji, alitazama kaburi, akatazama miguu yake.

"Ndiyo maana hayataki kupita hapo," alisema. Alimaanisha magoti. "Siku thelathini zilikuwaje mia tatu?"

"Niliziongeza."

"Kwa nini?"

"Mimi ni mke wake. Ukimkumbuka, hutakaa na mimi tena. Ndivyo mila ilivyo. Na si mila tu. Mimi ndiye niliyemtuma kwenye mvua siku aliyokufa, nawe uliagiza nikalilie kwetu. Nilipokuondolea ukaanza kuniita mwanangu. Nikaona niendelee."

Kuku walipita kati yetu wakitafuta chakula. Mkono wake ulikuwa juu ya goti, umebaki mifupa.

"Na hiki cha kutomeza ni yeye?"

"Ni yeye. Akirudi mahali pake utakula."

"Nikirudishiwa nitakuchukia?"

"Ulikuwa unanichukia, baba."

"Wewe unataka nikubali?"

"Sitaki," nikasema. "Lakini ni wako."

Akacheka kidogo, bila sauti. Kisha akajiweka sawa kwenye kigoda, akafunga kifungo cha juu cha shati, akaniambia nimwite. Nikaweka kisomeo nyuma ya sikio lake.

"Baba Anyosisye."

Alifumba macho. Sijui alimtafuta wapi yule mtu asiyemjua. Labda alimtafuta kwenye magoti. Labda aliamini tu kwa sababu ni mimi niliyesema, na hilo ndilo linalonichoma zaidi.

"Ndiyo," akasema. "Ni mimi."

Kiini kikakubali.

Inachukua dakika nne. Ya kwanza hakuna kilichoonekana. Ya pili akaanza kutabasamu, akanyoosha kidole cha shahada mbele yake na kukiacha hapo, kama kimeshikwa. Ya tatu akacheka kwa sauti, akasema kitu kuhusu jogoo. Nilitamani dakika hiyo isiishe. Ya nne uso ukabadilika, nikajua mvua imeanza kunyesha Mbeya.

Alifumbua macho, akaniona. Sote wawili tulifanya jambo moja kwa wakati mmoja: yeye alijifunika uso kwa koti lake, mimi nikampa mgongo na kuvuta kanga hadi kichwani. Nikaenda nikapita nyuma ya jiko, nikasimama ukutani. Bupe alikimbilia uani. Nilimsikia mzee akilia kwa sauti, akimwita mwanawe kwa jina, akimwambia mambo ya utotoni moja baada ya jingine, na majirani waliokuwa wamefunga midomo mwaka mzima wakaanza kuja, wakakaa naye, wakalia upya.

Jua lilipokuwa linashuka Bupe alikuja jikoni kuchota uji. Akarudi na bakuli tupu. Akachota tena. Hakunitazama. Mara ya tatu alisimama mbele yangu, mikono imeshika bakuli.

"Baba ana neno kwako."

"Lilete."

"Anasema, mwambie mke wa mwanangu, ile miezi yote nayo naikumbuka. Anasema, muulize, tulipokuwa tunakula sahani moja, yeye anajua na mimi sijui, chakula kilikuwa kinapita?"

Nilimtazama wifi yangu. Ningeweza kusema kilikuwa kinanikwama. Angelifikisha hivyohivyo, na mzee angelala hasira zake juu yangu zimepungua kidogo.

"Mwambie kilikuwa kinapita," nikasema. "Mwambie sijawahi kula vizuri kama vile."

Bupe akachota uji, akaenda kumwambia.